Barua 14, miaka mitatu ya kuzaliwa na jibu la "hakuna"

Swali: Shikamoo mwalimu. Bibi mzaa baba ameniachia kasha lenye barua 14 ambazo baba wa babu yangu, Yakobo, alimwandikia dada yake Marta kati ya 1908 na 1921. Bahasha karibu zote zimepotea. Nataka kujua Yakobo alizaliwa wapi na wazazi wake ni akina nani, lakini hata mwaka sina hakika nao. Kaburi linasema 9 Machi 1884. Cheti cha ndoa cha Juni 1911 kinasema alikuwa na miaka 24. Shangazi anashikilia 1881, ila hata yeye anaitaja 9 Machi. Kwa kuwa barua zinamtaja "baba Petro", niliandikia kanisa alikozikwa na ofisi ya kumbukumbu, nikaomba taarifa zote za ukoo wa Yakobo mwana wa Petro, aliyezaliwa 1884. Kanisa limejibu "hakuna". Ofisi iko kimya mwezi wa tano sasa. Nimekuambatanishia picha ya barua ya saba na nukuu za barua nyingine. Je, nimefika mwisho?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hujafika mwisho. Kwa ninavyoona, hata barua zenyewe bado hujazisoma, na nakuomba usiudhike nikisema hivyo. Karibu kila anayeniletea kasha la aina hii amefanya kama wewe: akishalifungua, anachuma majina na miaka haraka haraka, kisha anakimbilia ofisini. Barua zinarudi kashani kama ukumbusho wa mapenzi, wakati hizo ndizo shahidi wako aliyekaa karibu zaidi na mambo yenyewe.

Tuanze na hiyo ya saba. Haina tarehe, na nadhani ndiyo maana uliiruka. Mstari wa nne Yakobo anaandika: "Jumapili ijayo, Mungu akipenda, natimiza miaka thelathini." Mistari miwili chini yake anamwambia Marta kwamba mtoto wao wa kwanza "sasa anasimama dede".

Mwaka unaweza kuzozaniwa, lakini siku, yaani 9 Machi, mnakubaliana nyote, kaburi na shangazi. Basi chukua kalenda za miaka yote ya barua zako, 1908 mpaka 1921, uangalie 9 Machi iliangukia siku gani. Nimekuhesabia. Ilikuwa Jumapili mara mbili tu, 1913 na 1919. Kwa hiyo aliyetimiza miaka 30 siku hiyo alizaliwa 1883 au 1889. Sasa mwangalie yule mtoto. Yakobo alioa Juni 1911. Mtoto wa kwanza anayesimama dede Machi 1913 anaingia vizuri kabisa. Machi 1919 mtoto huyo angekuwa amefika umri wa kwenda shule. Mimi naishika 1883 mpaka litokee la kunipinga, na utaona si mwaka hata mmoja kati ya mitatu uliyokuwa nayo.

Kuna jambo moja la kuthibitisha: kwamba mahali alipokuwa walitumia kalenda tunayoitumia leo, ya Gregori. Urusi, kwa mfano, iliihamia 1918 tu, na siku iliyofuata 31 Januari ikaitwa 14 Februari. Uingereza ilikuwa imefanya hivyo Septemba 1752, tarehe 2 ikafuatwa na tarehe 14, na kabla ya hapo mwaka wao ulianza kuhesabiwa 25 Machi, siyo 1 Januari. Mwenye nyaraka za Hijria naye akumbuke kwamba mwaka ule una siku 354 au 355, hivyo mtu mwenye miaka 33 ya Hijria ana kama 32 ya hii ya kwetu. Nimeona ndugu wakigombana juu ya mwaka mmoja, kumbe kila mmoja alikuwa anasema kweli kwa kalenda yake.

Kwa nini basi vile vyanzo vingine vitatu vimekosea? Kila ukishika karatasi, jiulize nani alimwambia karani, lini, na yeye alijuaje. Jiwe la kaburi liliandikwa na wafiwa, miaka mingi baada ya kuzaliwa kwake, kwa kumbukumbu ya mtu ambaye hakuwepo. Kukosea kwa mwaka mmoja ni kawaida kabisa. Cheti cha ndoa umri wake aliutaja Yakobo mwenyewe, na mtu ndiye ajuaye umri wake kuliko wote, lakini siku ya ndoa ana sababu ya kuupunguza au kuuongeza. Tazama umri wa bibi harusi kwenye cheti hichohicho. Ikiwa ni binti wa miaka 19 au 20, bwana harusi wa miaka 28 anaweza kuwa aliona 24 inapendeza zaidi.

Hata serikali zimekuwa zikiharibu umri wa watu kwa makusudi. Katika sensa ya Uingereza ya 1841, makarani waliagizwa wapunguze umri wa kila aliyepita miaka 15 mpaka namba ya karibu ya chini inayogawanyika kwa tano, hivyo mtu wa miaka 34 akaandikwa 30. Na usajili wa vizazi wa huko, ulioanza 1 Julai 1837, uliweka muda wa siku 42 wa kuandikisha mtoto. Wazazi waliochelewa waliweza kuisogeza mbele tarehe ya kuzaliwa ili kukwepa usumbufu. Ndiyo maana ukikuta mtoto amebatizwa kabla ya "kuzaliwa", usishtuke.

Sasa nije kwa huyu Petro, maana nadhani yeye ndiye aliyekufungia mlango kanisani.

Yakobo anamwandikia dada yake wa damu: "Baba Petro anakusalimu sana." Soma tena kama vile wewe unamwandikia dada yako. Utamwandikia "baba" halafu utaje jina lake? Ndugu wawili wa baba mmoja wanasema "baba" na wanaelewana. Jina linaongezwa pale "baba" anapoweza kuwa mwingine: baba mdogo, baba mkwe, baba wa ubatizo, au padri. Nimepitia nukuu ulizonitumia za barua nyingine na katika ya pili nimekuta, "Tangu baba atutoke". Hiyo ni ya 1909. Baba yao alikuwa ameshafariki, na Petro anaendelea kutuma salamu mpaka 1917. Petro si baba yao mzazi.

Maneno ya undugu yamewapoteza watafutaji wengi kuliko moto na mchwa. Katika Kiswahili chetu, "ndugu" ni wa tumbo moja, ni mtoto wa baba mdogo, ni mtu wa dini moja, na ni yeyote unayemheshimu. Lugha nyingine nazo zina mitego yake. Katika vitabu vya kanisa vya Kilatini neno nepos linaweza kuwa mjukuu au mpwa. Katika rejista za zamani za Kiingereza, mtu kuitwa mkubwa na mwingine mdogo wakiwa na jina moja hakuwafanyi kuwa baba na mwana. Mara nyingi ni watu wawili tu wa mtaa mmoja, mmoja mzee kuliko mwenzake. Tengeneza orodha ya kila mtu anayetajwa kwenye barua 14, na mbele ya kila jina nakili neno lilelile alilotumia Yakobo. Usilitafsiri. Akiandika "ndugu Yohana", andika "ndugu Yohana", usiandike "kaka yake".

Kwa hiyo kanisa lilipojibu "hakuna", lilikuwa na maana kwamba katika kitabu hiki, mwaka 1884, hakuna Yakobo mwenye baba aitwaye Petro. Jibu hilo ni la kweli, na halisemi lolote juu ya Yakobo wako. Tena kanisa lenyewe ni lile alikozikwa. Huna ushahidi wowote kwamba alizaliwa karibu na hapo, na barua za miaka 13 kati ya ndugu wawili zinaonyesha angalau mmoja wao alihama.

Ukoo unafuatwa kwa kurudi nyuma hatua moja moja, kifo, ndoa, kisha kuzaliwa, na kila hatua ikuambie pa kuitafuta inayofuata. Wewe uliruka ndoa. Hukuniambia ni dhehebu gani, ila kama ndoa ile ilifungwa katika Kanisa Katoliki una bahati kubwa. Amri ya Ne Temere, iliyotolewa 1907 wakati wa Papa Pius wa 10 na kuanza kutumika Pasaka ya 1908, iliagiza kwamba mtu akifunga ndoa, taarifa ipelekwe parokia alikobatizwa na iandikwe kwenye kitabu cha ubatizo, kando ya jina lake. Ndoa ya Yakobo ni ya 1911. Ina maana paroko aliyewafungisha alipaswa kujua Yakobo alibatizwa wapi, na huenda mahali hapo pameandikwa kwenye kitabu cha ndoa. Cheti ulicho nacho ni muhtasari. Kitabu kina zaidi ya hayo.

Madhehebu mengine hayakuwa na amri hiyo, lakini mengi yanaandika mashahidi. Majina yale mawili chini ya ndoa watu huyapita kama mapambo. Usiyapite. Shahidi alikuwa ndugu, rafiki wa kijijini, au mtu aliyesafiri naye, na mara nyingi shahidi ameacha nyaraka zilizo wazi kuliko za mtu unayemtafuta. Sitashangaa hata kidogo ukimkuta Petro hapo.

Barua yako ya kwanza, kwa hiyo, iende kanisa walikofunga ndoa. Iandike fupi hivi:

"Naomba msaada wa kutafuta ndoa moja katika kitabu chenu, ya Juni 1911. Bwana harusi ni Yakobo (weka jina la ukoo na namna zote unazojua lilivyoandikwa). Nimeambatanisha nakala ya cheti. Naomba picha ya mstari mzima kama ulivyoandikwa, pamoja na majina ya mashahidi, maneno yaliyoandikwa pembeni, na mahali alipobatizwa kama pametajwa. Mimi ni kitukuu wake. Gharama za kutafuta na kutuma nitalipa. Nijulisheni kiasi kabla ya kuanza. Anwani na simu yangu ni hizi."

Tukio moja, kitabu kimoja, mwezi mmoja. Anayeisoma anajua aende rafu gani. Uliyoipeleka kwenye ofisi ya kumbukumbu iliomba "taarifa zote za ukoo", na hakuna rafu yenye jina hilo. Mtunza nyaraka aliiweka kando akisubiri siku yenye nafasi, na siku hiyo haijafika. Usimlaumu. Mwandikie upya, swali moja, na useme kwamba hili linachukua nafasi ya lile la kwanza.

Sheria ya usiri sidhani kama ndiyo inayokuzuia. Nchi nyingi hufunga rejista kwa muda, lakini mtu wa 1883 ameshapita vizuizi vya kawaida: Ufaransa inafungua vizazi baada ya miaka 75, Uskoti inaweka miaka 100 kwa vizazi, 75 kwa ndoa na 50 kwa vifo. Huwaathiri zaidi wanaotafuta wazazi na babu zao.

Wakikujibu kwamba kitabu kimeungua au kimepotea, uliza nakala iko wapi. Rejista nyingi ziliandikwa mara mbili. Parokia za Uingereza ziliagizwa tangu 1598 kupeleka nakala kwa askofu kila mwaka. Ufaransa, tangu usajili wa serikali uanze 1792, daftari moja hubaki kwenye halmashauri na la pili huenda mahakamani. Ni kweli bahati mbaya hutokea: Paris mwaka 1871 majengo yote mawili yaliungua, na rejista za miaka ya kabla ya 1860 zikateketea nakala zote mbili. Dublin nayo ilipoteza hazina kubwa ya nyaraka kwa moto wa Juni 1922. Hata hivyo huko Paris sehemu ya rejista iliandikwa upya, kwa kutumia karatasi ambazo familia na makanisa walikuwa wamezihifadhi. Kabla ya kukata tamaa pitia pia FamilySearch, tovuti ya kutafutia koo. Wenyewe walianza kupiga vitabu picha kwenye filamu mwaka 1938, leo sehemu kubwa ya picha hizo iko kwenye intaneti na hailipiwi. Ila picha nyingi hazijaorodheshwa kwa majina. Itabidi ufungue ukurasa mmoja mmoja kwa macho yako, na usiridhike na kisanduku cha kutafutia.

Ukimpata Yakobo wa Machi 1883, usishangilie kabla ya kufungua kitabu cha vifo. Hili nakuambia kwa uchungu. Nilipokuwa namtafuta baba wa bibi yangu mimi, nilipata mtoto mwenye jina lake, wazazi walewale, kijiji kilekile. Nikajenga juu yake kazi ya miaka miwili, nikawaandikia watu, nikawapa ndugu zangu tarehe ya kuzaliwa ya babu yao. Siku moja, nikitafuta jambo lingine kabisa, nikaikuta maziko yake: alifariki akiwa na wiki sita. Wazazi walimpa mtoto aliyefuata jina lilelile, jambo lililokuwa la kawaida katika jamii nyingi, na yule wa pili ndiye aliyekua na kutuzaa sisi. Ilinibidi kumpigia simu kila mmoja niliyempa tarehe ile. Tangu siku hiyo, kila mtoto ninayempata namtafuta kwenye vifo kwa miaka mitano ya mbele. Na nikimwazia shangazi yako na 1881 yake, najiuliza kama hakukuwa na Yakobo wa kwanza.

Shangazi huyo, hebu mwendee wiki hii. Barua za ofisini zinaweza kusubiri, yeye umri umekwenda. Usimuulize miaka tena. Muulize nani alimwambia 1881, na akiwa wapi alipoambiwa. Muulize ni nani aliyepewa jina la nani katika ukoo, nani alikuja kutoka mbali kwenye maziko ya Yakobo, nani alimlea. Kisha muulize swali ambalo barua zako zinalipigia kelele na hakuna aliyelisikia: barua zilizotumwa kwa Marta zilifikaje kwenye kasha la bibi yako?

Fikiria. Barua hukaa kwa aliyepokea. Za Yakobo zilipaswa kuwa kwa watoto wa Marta. Kama ziko upande wenu, basi ama Marta hakuacha watoto na vitu vyake vikarudi kwa kaka, ama alikuja kuishi na Yakobo uzeeni akaja na kasha lake. Kwa vyovyote vile, huenda Marta amezikwa karibu na Yakobo, na kanisa lililokujibu "hakuna" linaweza kuwa na maziko yake kitabuni, pengine pamoja na mahali alipozaliwa na jina la baba yake, ambaye ndiye baba wa Yakobo. Hiyo ndiyo barua yako ya pili. Na majibu ya Marta kwa Yakobo, nusu nyingine ya mazungumzo haya, yako wapi? Ndugu wa upande wa babu yako mkubwa au mdogo waulizwe wote.

Mambo ya kutunza nayasema kwa kifupi. Piga picha kila karatasi mbele na nyuma, hata upande mtupu. Ziandike namba kwa penseli laini kwenye kona, usitumie kalamu ya wino. Solotepu usiiguse, na usizipeleke kufungwa kwenye plastiki ya moto, maana hazitoki tena. Mwandiko uliofifia upige picha kwa mwanga wa kutoka ubavuni. Kwa kupanga majina tumia hesabu ya Sosa na Stradonitz: wewe ni 1, baba 2, mama 3; baba wa mtu yeyote ni namba yake mara mbili, na mama yake ni hiyo uongeze moja. Babu yako ni 4, Yakobo ni 8. Unaowatafuta sasa ni 16 na 17, na usiyaandike majina yao kwa wino mpaka uwe na mashahidi wawili wasiotegemeana.

Umesema bahasha zimepotea "karibu zote". Zilizobaki zitoe zote uziweke mezani. Ziangalie karatasi zilivyokunjwa, kwa sababu mikunjo ya barua ya saba lazima ilingane na bahasha yake, na mara nyingi wino wa mhuri wa posta huacha alama hafifu hata kwenye karatasi ya ndani. Mhuri ukisema Machi 1913, au siku za mwisho za Februari, hesabu yetu ya 1883 itakuwa imepata shahidi wake wa pili, na utatuambia pia aliitumia kutoka posta gani. Nitumie picha za bahasha hizo, mbele na nyuma.